Mkesha wa Tatu

Kaka yangu alianza kuzungumza na wanunuzi wa vitunguu saumu ambao hawakuwepo. Ilikuwa miaka ile Manyara ingali mkoa mpya, na malori ya wafanyabiashara binafsi yalifika Dongobesh kila msimu. Usiku alisindikiza mzigo hadi Arusha, mchana alirudi kufunga magunia. Alisinzia kidogo njiani, basi. Baadaye, hata alipokaa nyumbani, usingizi haukuja. Alizunguka uani, akanyanyua ndoo, akaiweka, akainyanyua tena.

"Hamsikii wanavyonicheka?" alimuuliza mama. "Wako nyuma ya zizi."

Nilikwenda kuangalia. Kulikuwa na ndama tu.

Wazee wa kanisa walishauri mkesha wa maombi. Tukakesha naye kanisani. Aliimba kuliko wote, jirani akatania kwamba kwaya imepata besi isiyochoka. Kulipokucha, sauti alizosikia zilikuwa zimeongezeka. Tukafanya mkesha wa pili. Sasa alikataa hata chakula, akisema mama amelipwa amtilie sumu. Wa tatu ulipangwa Ijumaa, na shangazi, aliyekuja kutoka Mogitu, alishasema huo usiposaidia kaka afungwe kamba, apelekwe Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Alhamisi nilimpeleka zahanati. Tabibu aliuliza jambo ambalo sisi hatukuwa tumejiuliza: amelala lini? Alieleza kwamba ubongo una vipokezi, sehemu ndogo mno za kupokea ujumbe, na kwamba kukosa usingizi kunaweza kuvivuruga, vikiwemo vinavyohusishwa na skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Kama kaka anao, tabibu hakujua bado.

"Kwanza alale," alisema, "ndipo tutajua tunatibu nini."

Akatupatia vidonge vya usingizi, na kaka akakubali kuvimeza kutoka mkononi mwake, si mwa mama.

Ijumaa alasiri wazee walipokuja kumchukua, kaka alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Mzee mmoja alitaka aamshwe taratibu. Mkesha bila mgonjwa utakuwa wa nani? Mama hakuwahi kumpinga mzee wa kanisa. Aliwaamkia shikamoo, mmoja mmoja, kisha akasimama katikati ya mlango.

"Baba, mmekesha naye mara mbili. Leo kesheni ninyi. Yeye alale."

Shangazi akaguna. Wazee wakatazamana, halafu wakaketi uani na kuomba kwa kunong'ona. Aliyekohoa, mama alimsogeza hadi karibu na barabara. Mimi niliingia na kutoka, nikitazama kama blanketi linapanda na kushuka, nikihofia sauti atakazoamka nazo.