Isiolo ilizimika, Merti ikangoja Oldonyiro iamke

Salamu wakuu. Hii niliiona kwa macho yangu, chumvi sijaweka.

Nilifika Isiolo juu ya lori la vitunguu kutoka Taveta, vumbi hadi kwenye meno. Nilidhani napita tu. Kinoti, fundi wa kompyuta kutoka Meru, akanipa kazi ya kupanda milingoti ya mtandao.

Kazi yetu ilikuwa kuwatumia wafugaji SMS mto Ewaso Nyiro ukijaa. Mvua inanyesha milimani, Merti ni jua kali, halafu maji yanakuta mbuzi kwenye mchanga wa mto.

Server, yaani kompyuta za kutuma hizo SMS, zilikuwa tatu: Isiolo, Oldonyiro na Merti. Isiolo ndiyo iliyoongoza. Ikizimika, mbili zilizobaki zinakubaliana ipi ishike uongozi. Moja peke yake haithubutu, maana haiwezi kujua kama wenzake wamekufa au ni yenyewe imepotea mtandaoni.

Kinoti alijisifu sana. "Recovery yangu? Hujapepesa macho, imerudi!"

Basi asubuhi moja kipimo cha mto kikapanda, na server ya Isiolo ikaungua hapo hapo.

Tukapepesa macho. Tukapepesa tena. Kimya.

Nikampigia Halima, anayetunza server ya Merti.

"Yangu inawaka, lakini inangoja mwenzake," akasema. "Mbuzi wa mji mzima wako mtoni! Wachungaji wametawanyika, nitampigia nani nimwache nani?"

Nikampigia Lemayan, anayetunza ya Oldonyiro.

"Server iko wapi?"

"Imelala kidogo, mzee. Leo ni soko. Simu za watu zinakula betri yake kwanza."

Wakuu, kule mgeni akikuomba chaji humnyimi.

"Lemayan, mto unakuja!"

"Si ungeanza na hiyo!"

Nikasikia akichomoa simu, watu wa soko wakimtukana. Ikawaka, ikasalimiana na Merti, na kweli, kabla sijakata simu SMS zilikuwa zimetoka.

Baadaye Halima akapiga akicheka. "Wote wamepanda juu! Hata dume la ngamia la kaka yangu, lile kaidi, limesukumwa na watu wanne. Maji yanapita sasa hivi."

Kinoti alicheza katikati ya ofisi. Wiki hiyo akaitengeneza server ya Isiolo, nami nikampelekea Lemayan sola ya kuchaji simu tu.

Nilikaa Isiolo muda mrefu kuliko mji wowote, na bado naikumbuka. Lakini miguu ikaanza kuwasha kutaka safari. Siku ya kuondoka Kinoti akachomoa waya wa server makusudi. "Tuone kama tutakuhitaji."

Sijamaliza kufunga begi, Halima kwenye simu: "Isiolo mmeanguka tena? Laleni, tumeshika!"

Nikapanda lori nikicheka peke yangu.

Nilichojifunza: msaidizi aliyelala usimhesabu. Na wewe mkuu, backup yako iko macho? Tuambie hapa chini.