Pua ya Marciana

Marciana Pastory alijua kunusa kabla hajajua kusoma. Baba yake aliihamisha familia kutoka Muleba hadi Mvumi, wilayani Kilosa, yeye akiwa na miaka sita, na baada ya mahindi kitu cha kwanza alichopanda mzee kilikuwa migomba ya pombe. Lubisi, pombe ya ndizi ya kwao, ikishakamuliwa na kufunikwa kwa majani ichachuke, Marciana ndiye aliyeitwa kuinusa na kusema kama imefika. Wakubwa walimcheka, kisha wakaacha kumcheka, kwa sababu hakuwa akikosea.

Ndiyo maana Paulina alipofungua nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu, hakutafuta mtaalamu mbali. Paulina ni mzaliwa wa Morogoro, lakini aliishi miaka kumi na miwili kaskazini mwa Hispania, kwa Wabaski, akifanya kazi kwa mzee mmoja aliyetengeneza pombe ya matofaa. Wenyewe huiita sagardo. Haitiwi sukari wala haichujwi, ni chachu na kavu kiasi cha kuukausha ulimi, na mmiminaji huinua chupa juu ya kichwa ili pombe ipige ukingo wa glasi na kutoa povu. Paulina alitaka kuitengeneza kwa matofaa madogo ya Mgeta, yale yanayomkunja mtu uso. Wafanyakazi wa jikoni walishindwa kulitamka jina, wakasema sagado, likabaki hivyo.

"Kukamua najua, kumimina najua," Paulina alimwambia Marciana siku ya kwanza. "Pua sina, Mama Jackline. Hiyo ndiyo kazi yako."

Kwa miaka mitano kazi hiyo ilikuwa yake. Alifungua mfuniko wa pipa, akainama, akafumba macho, akasema: hili bado, hili tayari, hili limeguswa na hewa tulitumie haraka. Watu walianza kumwita Mama Sagado hata sokoni, naye hakuficha kwamba alilipenda jina hilo.

Masika ya mwaka jana akaugua mafua makali. Alilala wiki mbili. Siku aliyorudi kazini alifungua pipa la nne, akainama, hakusikia kitu. Akafungua la tano. Akaenda jikoni akanusa kitunguu, akanusa sabuni ya unga, mwishowe akajifungia msalani akanusa kwapa lake mwenyewe. Hakuna. Ulimi ulibaki unajua chumvi, utamu, uchungu na uchachu basi, na sagado yote ni chachu, nzuri na mbovu.

Daktari alimsikiliza vizuri. "Inaweza kurudi, mama," alisema. "Na inaweza isirudi. Tusubiri."

Hakumwambia Paulina. Alimwambia Jackline, binti yake wa mwisho, aliyekuwa mhudumu pale pale. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka, wawili hao waliingia stoo ya mapipa.

"Haya, sema. Unasikia nini?"

"Kama ganda la chungwa, mama. Na kwa mbali kama gunia lililolowa."

"Gunia liko juu au liko chini?"

"Sijui juu na chini mimi, mama. Lipo tu."

"Nusa tena. Linakuja kwanza au linakuja baadaye?"

"Baadaye."

"Basi liache wiki mbili."

Miezi minane walikwenda hivyo, na sagado haikuharibika. Marciana alijizoeza kukunja uso na kutikisa kichwa mbele ya Paulina kama zamani. Kila asubuhi, kabla ya kunawa, alivuta hewa akingoja.

Kisha Jackline akapata mimba. Mume wake, Elia, anaendesha bodaboda Kilosa mjini, na walikuwa wamemtamani mtoto kwa muda mrefu. Marciana alifurahi kama mama yeyote. Lakini wiki hiyo hiyo Jackline alianza kutapika mlangoni mwa stoo. Mafuta ya kukaangia yalimnukia kama mzoga. Maji ya bomba yalimnukia kutu.

"La saba linanuka panya," alisema asubuhi moja, kiganja mdomoni. "Mkojo wa panya kabisa."

"Jana ulisema chai inanuka panya."

"Najua, mama. Lakini hili linanuka panya."

Marciana alichota kidogo, akaonja. Chachu. Akaonja tena, akaiviringisha mdomoni, akajaribu kukumbuka panya wananukaje. Jumamosi ile walikuwa wanakuja wageni kutoka kwa Wabaski, na miongoni mwao yule mzee aliyemfundisha Paulina. Paulina alikuwa ameulizia mara tatu wafungue pipa lipi. Marciana alimtazama bintiye, macho yake mekundu kwa kutapika, akaamua kwamba ni mimba inayosema.

"La saba," alimjibu Paulina.

Jumamosi mchana meza iliwekwa uani. Paulina aliinua chupa juu ya kichwa, akamimina vizuri, povu likapanda. Mzee alikunywa funda moja na kumeza, akangoja, kwa kuwa ubovu wa namna ile huja baada ya kumeza. Akaiweka glasi mezani. Paulina akaonja, uso ukambadilika. Mzee alinyanyuka, akamwendea Marciana aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akampa mkono, akasema maneno machache.

"Anauliza," Paulina alitafsiri polepole, "ulipolinusa pipa hili ulisikia nini."

Marciana angeweza kusema uongo. Lugha mzee haijui, na Paulina alikuwa tayari kuamini chochote.

"Mwambie sikusikia kitu," alisema. "Sisikii kitu tangu masika."

Paulina hakutafsiri.

Jioni alimfuata jikoni. "Ungeniambia, Mama Jackline. Tungetafuta mtu, ukamfundisha."

"Nimfundishe nini, dada? Naingia mle ndani kama ninaingia stoo ya saruji."

Paulina aliyakagua mapipa mengine kwa kumwita mtu kutoka Morogoro. Manane yalimwagwa mtaroni. Hajakamua tena. Wageni sasa wanakunywa bia na soda kama kwingine kote. Alimpa Marciana kazi ya kufua mashuka, na Marciana akafua mwezi mmoja na siku chache. Hakufukuzwa. Aliaga mwenyewe, kwa sababu watu waliendelea kumwita Mama Sagado na kila mara alilazimika kuitika.

Akahamia Kilosa, mtaa wa Magomeni, kwa Jackline na Elia. Mtoto alizaliwa wa kike, wakamwita Costancia. Siku aliyowekewa mikononi, Marciana aliinamisha uso utosini mwake, akakaa hapo muda mrefu. Alisikia joto na unyevu wa nywele. Wanawake waliokuja kutazama mzazi walidhani anasali.

Mwezi uliopita Jackline alikwenda sokoni akamwachia mtoto amelala, na sufuria ya maharage kwenye jiko la mkaa mle mle chumbani. Marciana aliketi mlangoni akichambua mchele, mgongo kwa jiko. Jirani ndiye aliyeingia anakimbia. Maharage yalikuwa yamegeuka mkaa, na kitambaa cha kushikia sufuria kilikuwa kinafuka moshi hatua mbili kutoka kitandani kwa mtoto.

"Mama, hukusikia?" Jackline aliuliza aliporudi. Kisha akaziba mdomo wake.

Hawajalizungumzia tena jambo hilo. Jackline ni mpole, anamwamkia shikamoo kila asubuhi na kumpa chai kwanza. Lakini akienda sokoni siku hizi humfunga Costancia mgongoni, hata jua likiwa kali, na humwaga maji kwenye mkaa kabla hajatoka. Marciana hujifanya anatafuta kitu chumbani mpaka asikie wamefika barabarani.