Mbuzi Aliyetangulia Matokeo

Mimi niliacha shule darasa la sita, na leo nikisimama mlangoni kwangu Lodwar asubuhi, kabla jua halijawa kali, nusu ya moshi unaopanda mjini unatoka kwenye majiko yanayopika samaki wangu. Sisemi kwa kiburi. Nasema kwa sababu ni kweli, na labda kwa kiburi kidogo.

Nilianza na gunia moja la samaki mkavu kutoka ziwani, nikalipeleka Kakuma juu ya lori la watu. Wakongo wa kambi ya wakimbizi walipolifungua na harufu ikatoka, mama mmoja alifumba macho akatabasamu kama mtu aliyefika kwao. Hapo hapo nikajua nitakuwa tajiri. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hilo. Hata leo magunia siyahesabu. Nayatazama tu, kama baba yangu alivyotazama mbuzi wakiingia zizini, akamjua asiyekuwepo kwa kuukosa uso wake.

Kwa hiyo binti yangu, kitindamimba, aliposema anataka kuwa muuguzi, mkunga hasa, nilimwambia sawa, huku moyoni namwona ameketi katika duka langu la Kakuma. Ndoto ilikuwa yangu. Nikamlaza ndani yake bila kumwuliza.

Siku ya matokeo ya kidato cha nne nilichinja mbuzi asubuhi, matokeo yenyewe yakiwa bado njiani. Kaka yangu, ambaye bado anachunga kule Nakalale, alikuja kusoma utumbo mbele ya wazee, kama desturi yetu ya kutafuta yajayo. Aliutandaza juu ya ngozi, akaufuata kwa ncha ya kijiti.

“Hapa nyumbani. Hapa mto. Hii njia, naona inaenda mbali.”

“Hiyo ni ya Kakuma,” nikasema.

“Utumbo haujasema Kakuma.”

“Mwenye mbuzi ni nani?”

“Mwenye mbuzi wewe. Mwenye kusoma mimi.”

Wazee wakacheka. Kaka akachota majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi, bado yana joto, akampaka binti yangu paji la uso na kifua, baraka ya mtu anayeanza safari. Mimi nikatangaza safari yenyewe: huyu ndiye mwenye duka la Kakuma. Wazee wakaitikia kwa sauti moja, nzito, na nikaisikia kama radi ya mbali, ile ya mvua inayonyeshea watu wengine.

Ndipo simu ikalia mkononi mwake. Alisoma ujumbe huku uso wake ukiwa bado wa kijani kwa yale majani. C mainasi. Chuo cha uuguzi kilitaka C kamili.

“Mimi hata D sina,” nikamwambia. “Na hiyo nyama unakula ya nani?”

“Yako, Baba,” akasema, akaenda kunawa.

Kesho yake nikampeleka Kakuma akaanze kazi. Joto lilikuwa limelainisha kila kitu. Ngamia walielea mbali bila miguu, na barabara mbele yetu ilikuwa maji ambayo hatukuyafikia. Nilimsimulia habari za gunia la kwanza, nikamsimulia tena.

Dukani tulimkuta mama mmoja Mkongo, mteja wangu wa zamani, anachagua samaki wa kwenda kuuza kambini. Nikamwonyesha binti yangu. Huyu, nikasema, alitaka ukunga, lakini ukunga umemkosa, sasa ni bosi wako.

Mama akamrudisha samaki guniani. “Papa, miye kule kwetu nilikuwaka nazalisha bamama. Karatasi yangu iliungua na nyumba. Hapa nikigusa mugonjwa, watanifunga. Ndiyo maana niko nauzisha samaki yako.”

“Unajuaje mtoto amelala vipi tumboni?” binti yangu akamwuliza.

Mama akaweka viganja juu ya gunia la samaki, taratibu, kana kwamba lilikuwa linapumua. Hapa mugongo, akasema. Hapa kichwa. Binti yangu akaweka mikono yake kando ya ile ya mama. Vumbi la samaki lilikuwa linaelea katika mwanga wa mlangoni, na wateja walingoja, nami nikawaacha wangoje. Mimi mtu wa kutazama niliutazama uso wa binti yangu, na sikuwahi kuuona hivyo, si dukani, si nyumbani.

Tukirudi Lodwar nikamwuliza, “Unataka kurudia mtihani?”

“Nimeshapakwa, Baba. Mbele ya wazee.”

“Wazee wameshiba. Watasahau.”

“Na nikianguka tena?”

Niliendesha. Milima ilikuwa ya zambarau, halafu haikuwa na rangi kabisa. Nilifika nilipofika bila cheti kwa sababu samaki hawaulizi cheti. Mama anayejifungua ana haki ya kuuliza.

“Utarudia,” nikasema. Alishusha kioo, akatoa mkono nje, akauacha upepo uuinue.

Jumatatu nilimpeleka shuleni mwenyewe, kwa lori langu jipya, lile kubwa kuliko yote Lodwar, nikaliegesha mbele ya ofisi, ili mwalimu mkuu ajue ni binti wa nani anayerudia.