Salamu za Barabara ya Kitahana

Katika wilaya zote mbili, Kibondo na Kasulu, hakukuwa na mtu aliyejua kuongoza mbio kuliko mimi. Anayebisha aniletee mwingine aliyewahi kuupima mlima kwa vyombo vya upimaji kabla ya kuupanda kwa miguu.

Niliondoka Kibondo na cheti cha kidato cha nne, begi la mgongoni na ndala za kuazima. Sikuwa na mjomba ofisini. Mwanza nilibeba saruji mchana, jioni nikasoma, na ada nikailipa kwa mabega yangu mwenyewe mpaka nikapata stashahada ya upimaji ardhi. Kazi ya kwanza ilinipeleka kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Viktoria, kisiwa cha milima mitupu; ukitoka ufukweni tu umeanza kupanda. Huko ndiko nilikojifunza kuongoza wakimbiaji. Kila mwaka walikuwa na mbio ndefu za kukizunguka kisiwa, na mkimbiaji mkongwe wa pale aliniona nikipanda na vyombo begani bila kuhema, akanikabidhi kibendera cha muda, ambacho wakimbiaji hukifuata.

"Wewe hushindani na mtu," aliniambia. "Wewe ni saa yenye miguu. Kibendera kikiandikwa saa nne, ufike kwa saa nne. Anayekufuata akiwa hai, naye atafika."

Watu wengi huupanda mlima kwa hasira na kuushuka kwa majuto. Mimi niliwafundisha kupanda taratibu, pumzi ile ile, kisha kuulipa muda kwenye mteremko. Mara tatu nilibeba kibendera kisiwani, na mara zote tatu kilivuka mstari kabla ya muda wake.

Nilirudi nyumbani mwaka 2012, nikafungua ofisi Kasulu, chumba kimoja chenye dari na jina langu mlangoni. Mwaka uliofuata, watu wa Kibondo walipoandaa mbio zao za kilometa arobaini na mbili, kutoka mjini kupitia Kitahana, mbele zaidi, halafu kurudi, walijua wa kumwita. Nilipewa kibendera cha saa tano. Hicho ndicho kilichokuwa kigumu, kwa sababu muda wa saa tano ukitimia mstari unafungwa. Atakayefika baadaye anapewa maji na pole, hapewi medali.

Kundi langu lilikuwa la watu kumi na mmoja. Wawili nawakumbuka zaidi ya wengine. Mmoja alikuwa tabibu aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mwembamba, mcheshi, asiyejua neno moja la Kiha, lugha yetu. Mwingine alikuwa mama wa watoto watatu, mfanyabiashara wa maharage. Wazazi wake walikuja zamani kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku, akapata uraia na kuolewa karibu na mji. Tangu usichana alipeleka magunia sokoni kichwani, na milima yetu aliijua kwa shingo kabla ya kuijua kwa miguu.

Wakati wa mazoezi alinieleza jambo lake. Mama mkwe wake hakupenda kumwona mke wa mtu akikimbia barabarani na suruali.

"Kaka, mama kaniambia hivi," alisema. "Nenda mara moja. Ukirudi na medali utakimbia mpaka uchoke mwenyewe. Ukirudi mikono mitupu, viatu hivyo nampa shemeji yako akalimie."

"Vitamtosha?"

"Vinamtosha kabisa. Ameshavijaribu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kwani bendera yangu haijawahi kuchelewa. Nikamwonyesha daftari. Kila mlima ulikuwa na ukurasa wake: urefu, mwinuko, dakika za kupanda, dakika za kushuka. Kwa wastani, kila kilometa dakika saba na sekunde sita. Tabibu alilipekua daftari lile akasema hata wagonjwa wake hawana faili nene kiasi kile.

Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ilikuwa Juni, baridi bado imekaa mabondeni na vumbi jekundu halijaamka. Kilometa tatu za kwanza tulikwenda kama nilivyoandika, sekunde kwa sekunde. Nilijisikia vizuri sana.

Kisha tukafika kwenye nyumba za kwanza.

Wazee walikuwa wameketi nje wakisubiri kuona mbio. Kwetu, anayepita ndiye humsalimu aliyeketi, na mdogo humwanza mkubwa. Wala si salamu ya kurusha mkono. Unasimama, unainama kidogo, unapiga makofi ya polepole huku ukisema "Mwakeye," unajibiwa, unaulizwa umeamkaje, watoto wameamkaje, nyumbani wameamkaje, nawe unauliza vivyo hivyo. Nilipogeuka nyuma, kundi langu lote lilikuwa limesimama limeinama, linapiga makofi. Tabibu naye alikuwa akipiga, bila kujua anajibu nini.

"Twendeni! Twendeni!" nilipiga kelele.

"Bwana mpima, ngoja kwanza," alijibu tabibu. "Huyu babu ameniuliza kitu, sijui nini, nami nimekubali. Siwezi kuondoka sasa hivi."

Kwenye nyumba zilizofuata ikawa vile vile. Kilometa ya kumi tulikuwa nyuma kwa dakika sita. Nilikuwa nimepima milima yote, madaraja yote, hata kona, lakini katika daftari zima sikuwa nimeweka dakika moja ya salamu. Kisiwani watu walitupungia mikono wakaendelea na shughuli zao. Mimi, mtoto wa Kibondo, nilikuwa nimepanga mbio za kisiwani katika nchi ya Waha.

Muuza maharage alinifikia, jasho linamtiririka.

"Kaka, tutachelewa?"

"Wewe huwezi kuwapita tu?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo. "Wananijua hawa. Habari itafika kwa mama kabla yangu."

Hapo ndipo akili iliyonilipia stashahada ilipofanya kazi. Msafara unaokwenda posa au msibani una msemaji. Mmoja husalimia kwa niaba ya wote, wengine hupiga makofi tu. Basi nikawaambia: kuanzia sasa msemaji ni mimi. Nitatangulia mbio, nitasalimia kwa niaba yenu, nyinyi mtapita mkipiga makofi bila kusimama, kisha nitawafukuza niwapite tena.

Na ndivyo nilivyofanya. Nilikimbia mbele mita mia moja, nikainama, "Mwakeye!", nikatangaza kwa Kiha kwamba watu wote wa bendera hii wanawasalimu wenyeji na kuwaulizia watoto, ng'ombe na mashamba. Wazee walifurahi. Kundi likapita likipiga makofi kwa mpigo mmoja na miguu, pa, pa, pa, kama ngoma ndogo ya barabarani. Bibi mmoja aliacha jembe lake akapiga vigelegele. Kisha mimi nikakimbia kuwapata. Hesabuni wenyewe: kila walipokimbia kilometa moja mimi nilikuwa nakimbia na kusimama, nakimbia na kusimama, kwa kasi ambayo wengi wa wilaya ile wasingeiweza hata wakiwa peke yao. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa nikijisifu nitakuwa na haki.

Tulipogeuza tulikuwa nyuma kwa dakika nne. Kurudi, wazee ni wale wale, na salamu ikaanza upya, safari hii wakituuliza tulikotoka kukoje. Nilijibu kwamba ni kwema. Kilometa ya thelathini na tano tulikuwa nyuma kwa dakika moja tu. Ya arobaini tulikuwa sawasawa na daftari.

Wawili walikuwa wameachwa nyuma kwa maumivu ya misuli, wakapanda pikipiki ya huduma. Tisa walibaki nami. Tulipofika juu ya mlima wa mwisho zilikuwa zimebaki dakika tisa na uwanja uko mbele kilometa moja na mita mia mbili. Kwa miguu ile iliyochoka, hiyo ilikuwa safari ya dakika nane na nusu.

Na pale juu, katikati ya barabara, si pembeni, amesimama mama mmoja wa makamo na kitenge kipya, mikono imekunjwa kifuani.

"Mama," alinong'ona muuza maharage, akaanza kuinama amsalimu.

Nilimjua mara moja kuwa ni mkwe. Nikatangulia, nikainama kuliko nilivyoinama siku nzima, nikapiga makofi na kusema kwamba namsalimia kwa niaba ya watu hawa wote, na kwa niaba ya binti yake pia.

Mama alinitazama kuanzia viatu mpaka kibendera.

"Wewe ndiye msemaji wao?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hao waende. Wewe baki unijibu."

Sikuwa na la kufanya. Nilimpa muuza maharage kibendera. "Shika. Usizidi mpigo wa makofi yenu. Usisimame, hata akikusalimu nani."

"Na wewe, kaka?"

"Nenda!"

Aliinama mara moja, akapiga makofi matatu mbele ya mama mkwe wake, akaondoka na kibendera juu. Tabibu alinipita akicheka, "Pole, bwana mpima, mjibu vizuri!" Nikasikia makofi yao yakishuka mteremko, pa, pa, pa, hadi yakapotea.

Mama aliuliza nimeamkaje. Aliuliza nyumbani kwetu ni wapi, baba yangu alikuwa nani, mama yangu yu hai, nina mke, kwa nini sina, na karatasi niliyoisomea inafanya kazi gani. Nilimjibu yote, nikamrudishia ya kwake: watoto, mbuzi, maharage ya mwaka ule. Saa mkononi sikuitazama. Kutazama saa mtu mzima akizungumza ni matusi. Tulipomaliza alitaka tufuatane uwanjani, na mwendo wake haukuwa wa kukimbia.

Tulikuta utepe umeshakunjwa. Mwandishi wa matokeo aliniambia kibendera cha saa tano kilivuka mstari zikiwa zimebaki sekunde thelathini na tano, na watu wote tisa pamoja nacho. Kwa hiyo maneno yangu yanabaki pale pale: bendera yangu haijawahi kuchelewa.

Muuza maharage alikuja mbio, kama vile hakuwa amekimbia chochote. Akapiga magoti, akaivua medali, akaiweka kwa mikono miwili kwenye viganja vya mama mkwe wake. Mama aliigeuzageuza, akaipima uzito, kisha akaitundika shingoni mwa mkwewe na kumpangusa vumbi usoni kwa ncha ya kitenge.

"Shemeji yako atalima pekupeku," alisema.

Sote tulicheka, tabibu kuliko wote, akiwa amelala chali kwenye nyasi. Mama akanigeukia mimi, akaniangalia kifuani.

"Na wewe, medali yako iko wapi?"

"Nilichelewa, mama."

"Kwa nini? Mtu mwenye miguu kama hiyo!"

Nikapiga makofi polepole, nikamwambia kwamba njiani nilikutana na mtu mzima, ikabidi tusalimiane.

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi hukuchelewa."