Vipande vya Mpingo Chini ya Gari la Ambrosi

"Amezika kitu nyuma ya jiko," Mama Nancy alisema, akaitua ndoo yake kwenye foleni ya kilula, bomba la maji la kijiji. "Vitu viwili vyeusi, vizito. Kavitoa chini ya gari lake kwa mikono yake mwenyewe, akavichimbia shimo kama anayezika maiti."

"Nani huyo?" Stamili aliuliza.

"Nani mwingine? Baba Esther. Mimi nilisema zamani, gari lile lina mambo. Magari ya wenzake masika yanalala korongoni, lake linapita. Unadhani linapita hivihivi? Sasa dawa imemgeukia, anaitoa."

"Kama ni dawa ya kupita matope, si angetuuzia sisi wa miguu," mama mmoja alidakia, na foleni nzima ikacheka. Maji yalikuwa hayajatoka kijijini Mnyambe siku ya pili sasa, na watu walikuwa na nafasi ya kucheka.

Stamili hakucheka. Alimpandisha mwanawe Furaha vizuri mgongoni, akamwomba Mama Nancy amwangalizie ndoo, akashika njia ya kwa Ambrosi, huyo Baba Esther.

Gari lile alilijua kwa mwili wake. Mwezi wa kwanza, uchungu ulipomshika, Ambrosi ndiye aliyempeleka hospitali Newala. Walimlaza nyuma kwenye godoro, mama mkwe akimshika kichwa. Kila magurudumu yalipotumbukia korongoni, kishindo kilitoka chini, kikavu, kama mchi uliopiga kinu kitupu, kikampanda uti wa mgongo mpaka kwenye meno. Alidhani mtoto atatoka palepale. Furaha alizaliwa salama, na siku ya kurudi Ambrosi aliinama dirishani akauliza, "Mlisafiri vizuri, mama?" Naye akajibu, "Vizuri, baba. Asante."

Angejibu nini tena? Ambrosi hakuwahi kupokea nauli kwa mwanamke mwenye uchungu. Mtu wa namna hiyo, tena umri wa baba yako, humwambii kwamba gari lake limekuumiza.

Mwezi wa tatu Ambrosi alimpakia binti yake mwenyewe, Esther. Mtoto alitoka kimya. Muuguzi aliwaeleza kwa upole kwamba mtoto alikuwa amefariki tumboni kabla ya safari, labda kwa siku mbili. Esther alisikia, akaitikia, lakini tangu siku ile hakupanda tena gari la baba yake. Akipita uani hulizunguka kwa mbali. Sasa alikuwa mjamzito tena, wa kujifungua katikati ya mvua, na kijijini hapakuwa na gari jingine la kuvuka makorongo yakijaa.

Stamili alikuta miguu miwili imetokeza chini ya gari.

"Hodi, Baba Esther. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu. Usisogee sana, kuna grisi."

Ambrosi alijivuta nje taratibu, kiungo baada ya kiungo. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyojaa makovu ya patasi. Baba yake alikuwa mchongaji, naye alichonga mpaka macho yalipoanza kushindwa kuona vya karibu, ndipo akashika usukani.

"Umetumwa kuja kuuliza nimezika nini," alisema.

"Sijatumwa. Ila wanasema."

"Waache waseme. Nimezika mpingo."

Juu ya gunia palikuwa na mipira ya aina mbili, miwili miwili. Mmoja mfupi, mgumu kama kwato. Mwingine mrefu, wenye pingili kama muwa na tundu katikati. Suleimani, muuza spea wa Masasi, alikuwa amempa yote ajaribu, arudishe asiyoitaka.

"Mpira huu unakaa huku juu, kwenye chasisi, fremu ya gari," Ambrosi alieleza, akionyesha kwa kidole. "Gari likididimia, ekseli, hiki chuma cha magurudumu, inapanda. Ikipanda sana inakutana na mpira, haigongi chuma. Ya kwangu ililiwa na mizigo ya korosho. Mimi nikasema, mpira ndiyo nini? Nyumbani tuna mpingo. Nikachonga vipande viwili, nikavifunga. Miaka mitatu, mama, havikupata hata ufa. Madereva walikuja kuviangalia, nami nikavimba kichwa." Aliufuta mkono kwenye suruali. "Mpingo haubonyei. Pigo lote unalipokea chini na kulipeleka juu kama lilivyo. Sikujua. Gunia la korosho halilii."

"Esther alilia?"

"Alilia. Kila korongo. Nikadhani ni uchungu, nikaongeza mwendo."

Furaha alianza kuhangaika mgongoni. Stamili alimzungusha mbele, akampa ziwa, akatazama chini.

"Baba Esther," alisema, "ile siku uliponiuliza, nikakwambia tulisafiri vizuri. Sikusema kweli. Niliumia. Ningesema, labda ungevitoa kabla ya Esther."

Ambrosi aliuchukua ule mpira mrefu, akauminya kwa dole gumba, ukabonyea, akauachia.

"Nimewapakia wanawake kumi na mmoja," alisema hatimaye. "Wote niliwauliza. Wote mliniambia asante. Si wewe peke yako, mama. Na mimi nilipenda kuisikia."

Kisha akaeleza taabu yake. Ule mfupi ungestahimili magunia, na msimu wa korosho ndio huu. Ule mrefu ungepokea pigo mapema, polepole, lakini akipakia korosho ekseli itaulalia wakati wote mpaka uchakae. Akiufunga huo, basi mizigo aiache. Alikwisha kubandika udongo mbichi juu ya ekseli, akapita korongoni, akarudi kuangalia umebonyea wapi.

"Udongo umenionyesha ekseli inapanda kiasi gani," alisema. "Haukunionyesha mtu anaumia kiasi gani. Esther siwezi kumwomba. Mke wangu akipanda atanificha, ananihurumia. Mimi nikilala nyuma, nani ataendesha?"

Stamili alijua linalokuja, na mgongo wake ukalijua kabla yake.

"Mtoto tumwachie mke wangu," Ambrosi alisema, akiwa amepiga goti moja mchangani, macho yakiwa kwenye mipira. "Ulale nyuma, pale alipolala Esther. Nitapita korongoni na hii migumu, tutarudi, nifunge hii laini, tupite tena. Mwendo uleule. Panapouma, gonga bodi. Usinionee haya, mama. Gonga mpaka nisikie."