Nzi wa Macho Meupe

Ndizi iliyoiva kupita kiasi ina harufu tamu yenye ukali kidogo, na mimi nikiisikia hasira hunipanda mpaka leo. Msinicheke. Wenzangu wa maabara wamezoea. Wakiniona nimekunja uso juu ya bakuli la ndizi zilizopondwa, wanajua si wao niliowakasirikia.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulikaa Kileleshwa, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Daktari, ambako mama yangu Rasoa alikuwa mfanyakazi wa ndani. Daktari huyu hakutibu mtu. Alifundisha chuoni, na nyumbani alifuga nzi wa matunda, wale wadogo kama punje za wimbi, ndani ya chupa za maziwa zenye ndizi zilizopondwa, zilizozibwa kwa pamba. Mama alikatazwa kuingia chumba cha nzi. Mimi niliruhusiwa, kwa kuwa niliosha chupa bila kuvunja hata moja.

Daktari alinipa lenzi nitazame. Nzi wa kawaida wana macho mekundu. Wake walikuwa na macho meupe. Alinieleza kwamba kwa kuhesabu watoto wa nzi, watu wamejifunza mengi kuhusu jinsi binadamu anavyorithi kwa wazazi wake. Nilimpenda sana mzee yule.

Mkewe sikumpenda hata kidogo. Tangu nzi waanze kuonekana jikoni, asubuhi haikupita bila kumsimanga mama.

"Rasoa, hii jikoni yangu umegeuza choo?"

"Nimeosha, mama. Hata dari nimeosha."

Kweli alikuwa ameosha. Alitupa matunda yote, akachemsha matambara, akasugua sakafu mpaka magoti yakavimba. Nilipomnong'oneza kwamba nzi wa jikoni nimewatazama kwa lenzi na macho yao ni meupe, alinifinya sikio. "Nyamaza. Sisi tunakaa kwao."

Agosti mkewe akaalika akina mama wa kanisa kwa chai. Akamwambia mama, "Wageni wangu wakiona nzi hata moja, funga vitu zako urudi kwenu."

Basi nikaapa kumkomesha. Sikuwaza tungelala wapi. Wageni walipoketi niliingia chumba cha nzi, nikang'oa pamba kwenye kila chupa, nikaacha mlango wazi. Mezani kulikuwa na bakuli kubwa la matunda yaliyokatwakatwa, na nzi hawahitaji mwaliko. Walitua kwenye matunda, kwenye keki, kwenye kofia za akina mama. Nilijibanza nyuma ya pazia nikisikia raha ambayo sijaisikia tena maishani.

Raha ilikatika mkewe alipopiga kelele. "Rasoa! Toka kwangu! Leo hii!" Mama akavua aproni.

Hapo Daktari akatokea. Alivaa miwani, akainamia keki. "Macho meupe," akasema. "Hawa ni wangu. Nimekuwa nikiwaona jikoni tangu Pasaka."

Mkewe alinywea mbele ya wageni wake. Mama akavaa aproni tena, na Daktari akawa shujaa wangu. Ndiye aliyeniandikia barua nilipotaka kuingia chuoni, na nikafuga nzi kama yeye.

Nilikuwa mtu mzima, nikihesabu nzi siku moja, maneno yale yaliponirudia. Tangu Pasaka. Miezi minne mizima. Nilijaribu kuyapuuza, mpaka siku ya kumuaga Daktari alipostaafu, katika hoteli moja Hurlingham, alipowasimulia wageni jinsi alivyookoa kazi ya mama yangu. Watu wakapiga makofi. Nikasimama.

"Daktari, ulijua tangu Pasaka. Mbona hukusema?"

Hakuona haya. Alitabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri. "Nilitaka kujua wa macho meupe wangestahimili muda gani nje ya chupa. Ningesema, mke wangu angenyunyiza dawa wafe wote."

Nilimwambia mbele ya wote kwamba mama yangu sasa anatembea kwa mkongojo, nikachukua mkoba wangu nikatoka. Sijamwamkia tena tangu siku hiyo, na sitamwamkia. Mkewe niliyemwaibisha aliamini kwa dhati kwamba mama ni mchafu. Daktari alijua ni msafi, akamwacha asugue.