Mita Arobaini na Moja

Binti wa ami yangu alitoa habari zake siku ya Ijumaa, mbele ya sinia la wali, na tonge la ami yangu likabaki hewani.

Alikuwa amerudi Ibra, mji wetu, kwa likizo ya kiangazi kutoka Marekani, anakosomea uhandisi. Mwaka mzima tulidhani anasoma tu. Kumbe kila alasiri alikuwa uwanjani akipiga ule mpira wao uliochongoka pande mbili kama tende, na sasa kocha wa chuo alimtaka apeleke video ya mateke yake kabla ya muhula kuanza. Ikiwaridhisha, atajaribiwa pamoja na wanaume.

"Na wanaume," ami alirudia.

"Na wanaume, baba. Na nikimaliza chuo nataka kujaribu ligi ya kulipwa."

Bibi yetu, mama yake ami, alikuwa akichambua miba ya samaki wake taratibu. Ndiye aliyejibu kwanza. "Teke mwanamke analiweza," alisema. "Marehemu babu yenu alilionja langu kule Unguja. Na mie sikulipwa."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Ami hakucheka. Alinawa mkono na kuanza kuuliza maswali, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini. Nani atakuwa anamkimbilia wakati anapiga? Ni majitu, binti akajibu, lakini kazi ya mpigaji ni kuwahi kupiga kabla hayajafika. Je, akipiga mpira wa kuanzia mchezo, na jitu la kilo mia na ishirini likaudaka na kumjia mbio, nani atalizuia?

"Nitajaribu mimi."

"Utajaribu nini? Utafukiwa!"

"Basi nitafukiwa, baba. Lakini kanuni hazikusema mwanamme. Zimesema mpira upite juu ya mwamba, kati ya nguzo mbili. Mpira haujui nani kaupiga."

Hapo nikaingia mimi. Nilikuwa nimetoka Nizwa, ninakofanya kazi na ninakoandika, na siku chache kabla nilikuwa nimewasomea wenzangu wa duru ya fasihi makala ndefu juu ya miili ya wanawake na viwanja walivyofungiwa. Walinipigia makofi. Joto la makofi yale lilikuwa bado mwilini mwangu. Nilimwambia ami kwamba mguu hauna jinsia, kwamba hata wanaume wanaoiweza kazi hiyo ni wa kuhesabu, timu nzima ina mmoja tu, na kwamba kinachotakiwa ni ufundi na moyo usiotetemeka. Nilisema mengi. Bibi akaniambia nile, wali unapoa.

Mwishowe ami alitoa sharti. Yeye alikuwa mpima ardhi wa serikali mpaka alipostaafu, na nusu ya mipaka ya mashamba ya mkoa ule ilipita mikononi mwake. "Yadi arobaini na tano," alisema. "Nimewahi kuona mchezo huo, nao hupiga kutoka huko. Ni mita arobaini na moja na kidogo. Ijumaa ijayo, mateke matano. Ukipitisha manne, peleka video yako. Ukishindwa, rudi usome na mpira uuache. Khalas?"

"Khalas, baba."

Nikachukua likizo ya wiki moja nimsaidie binti kufanya mazoezi. Pembeni ya wadi, lile bonde la mto mkavu, kuna uwanja wa changarawe wenye magoli ya chuma. Tulifunga mabomba mawili ya plastiki, yale ya kumwagilia mitende, juu ya mwamba wa goli moja, yakasimama kama pembe za mbuzi. Binti mwenyewe alipima umbali kwa kamba, akaweka jiwe jeupe. Kazi yangu ilikuwa kushika mpira. Unapiga goti, unausimamisha kwa ncha yake, unaubana juu kwa kidole kimoja, na unamsubiri. Anarudi nyuma hatua tatu, mbili pembeni. Anakuja. Sikuwahi kuuzoea ule mlio, wala upepo unaopita shavuni mguu wake unapofagia. Nilimwona akipiga na mtandio umekazwa kichwani, suruali imejaa vumbi mpaka magotini, na nikahisi naona kitu ambacho hakikuwa kimeandikwa bado.

Siku ya Alhamisi ukavuma upepo kutoka upande wa mchanga wa Bidiya. Alipiga matano, akapitisha mawili. Akakaa chini akafungua kiatu.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri nilitangulia uwanjani ili nikaze mabomba. Upepo ulikuwa uleule. Nilisimama kwenye jiwe jeupe, nikatazama pembe zile mbili, na zilionekana mbali sana, nyembamba kama sindano. Nikaliinua jiwe. Nikatembea nalo hatua sita mbele, nikaliweka, nikafuta kwa kiatu alama lilipokuwa limekaa. Sikufikiri. Au nilifikiri, lakini kwa namna ya mtu anayefunika uso wa mtoto aliyelala jua lisimpige.

Wakaja kwa gari, binti, baba yake, na bibi, ambaye alibaki kiti cha mbele, mlango wazi, akiwa na simu ya mjukuu wake mkononi ili arekodi.

Teke la kwanza lilipita. La pili likapita juu kabisa, likaangukia mbali kwenye miiba. "Wallahi leo mguu umefunguka!" aliniambia akihema, macho yanang'aa, na mimi nikainama kusafisha mpira usiokuwa na uchafu. La tatu, la nne, la tano. Yote. Bibi akapiga vigelegele mpaka mbuzi waliokuwa wadini wakageuka.

Ami alisimama muda mrefu akiyatazama mabomba. Kisha akatabasamu, na ami yangu si mtu wa kutabasamu. Akaenda nyuma ya gari, akarudi na kasha la ngozi lenye mkanda wake wa kupimia.

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu tangu utotoni. Nilimwona akipima chumba kabla ya kununua zulia, akipima kaburi la kaka yake. Vipi nilisahau?

"Shika hapa, mwanangu," aliniambia, akanipa pete ya mkanda niibane kwenye jiwe. Akatembea mpaka golini, kanzu yake ikipepea. Akainama, akasoma, akaweka miwani, akasoma tena.

"Thelathini na sita na nusu."

Alirudi akikunja mkanda, na hakunitazama mimi. Alimtazama binti yake.

"Umeniona mimi mpumbavu?"

"Baba, nilipima kwa kamba. Wallahi nilipima."

"Kamba! Unaniapia kwa kamba? Masharti nilikupa mimi, kwa heshima, na wewe unanichezea mbele ya mama yangu?"

Binti aligeuka kulitazama jiwe, kisha ardhi nyuma yake, kisha kiatu changu. Aliona kabla sijafungua mdomo.

"Ni mimi, ami," nilisema. "Nimelisogeza mimi. Yeye hajui."

Nilitegemea afoke. Hakufoka. Alionekana kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Lakini binti yake ndiye aliyenisogelea, karibu sana, vumbi limeganda kwenye kope zake.

"Kwa nini?"

"Upepo. Jana ulipitisha mawili, nikaona..."

"Ukaona siwezi."

Mimi, ambaye maneno ndiyo kazi yangu, nikakirudisha nyuma kiatu nilichofutia alama.

Kutoka garini bibi akasema, "Na huyu ndiye aliyetuchosha masikio wiki nzima. Mwanamke anaweza, mwanamke anaweza!"

Binti alilichukua jiwe mwenyewe. "Baba, pima." Ami akapima, akaonyesha kwa kidole, akapima tena, na jiwe likawekwa pale. Nikapiga goti kushika mpira kama kawaida.

"Sio wewe," aliniambia. "Baba, nishikie."

Nikamwona ami yangu, katika kanzu nyeupe ya Ijumaa, akishuka kwenye changarawe, goti moja, kisha la pili, mifupa ikilia.

"Na kidole changu?"

"Sitakigusa."

"Na ukikigusa?"

"Una vingine tisa."

Teke la kwanza lilikwenda kushoto, mbali kabisa. Mguu wake ulikuwa umeshapiga mara tano, tena bure, na kosa lilikuwa langu. Nilisimama kando, mikono haina kazi. La pili lilipita. La tatu likapita chini sana, likigusa mwamba. Kabla ya la nne alingoja upepo upungue, akisimama tu, na ami akingoja naye bila kuondoa kidole. Likapita. La tano sikulitazama. Niliusikia mlio, kisha ami akasema, "Manne," kwa sauti ileile aliyosomea mita.

Safari hii hapakuwa na vigelegele. Bibi alikuwa akilia. Alimpa mjukuu wake simu, naye akafuta video ya kwanza mbele yangu, akapeleka ya pili nzima, pamoja na lile teke lililokosa. Akaingia garini. Mimi nilirudi kwa miguu.

Nilimwomba radhi kabla hajasafiri. Alinijibu bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Baba alikuwa upande mwingine, lakini alinipa kipimo cha kweli. Wewe ulikuwa upande wangu."

Muhula ulipoanza, ujumbe wake ulikwenda kwa ami, si kwangu. Nilikuwa Ibra siku hiyo, na ami alinisomea. Walimjaribu. Zile mita arobaini na moja zilikuwa za kupasha miguu moto tu. Wakamrudisha nyuma mara tatu, akapitisha mara mbili, ya tatu ikapungua, mpira haukufika golini. Kama ligi ya kulipwa itamchukua siku moja hajui, na kocha hajui. Amepangiwa kujaribiwa tena wiki inayofuata.

Ami alivua miwani, akaniuliza, "Ilipungua kwa mita ngapi? Hakusema." Kisha akaanza kumwandikia, herufi moja moja, kwa kidole kimoja.